Nguzo: Wazi

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Tafadhali soma barua hii ukiwa umeketi, maana nakujua, ukiisoma umesimama utatafuta kazi ya kufanya kabla hujafika ukurasa wa pili. Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo asubuhi najua kumekucha kwa kusikia, si kwa kuona. Goti lako je? Na Baba hajambo? Bado anapita nyuma kwenye mapipa ya taka, hata mvua ikinyesha, wakati njia ya mbele ipo? Msalimu sana. Najua hataandika, lakini msalimu.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike leo badala ya kungoja Jumapili. Idara imenikabidhi jalada langu la kwanza. Peke yangu, Shangazi! Ni mtaa wa maghorofa, wa zamani, umechakaa, na kazi ni kuurudisha kama msanifu wake alivyouchora. Mkuu wangu, ambaye sote tunamwita Bwana Mstari kwa sababu hata mkate huupima kabla ya kuukata, aliniwekea jalada mezani akasema, "Usiongeze, usipunguze. Rudisha ramani asilia."

Wasanifu wa kizazi kile walikuwa na imani kubwa. Waliona miji ya zamani ilivyosongamana, moshi wa karakana unaingia mpaka vitandani, vyumba havipati jua. Wakasema maisha ya mjini ni mambo manne: kukaa, kufanya kazi, kupumzika na kusafiri. Kila jambo lipewe mahali pake, lisiingilie jingine. Nyumba ziinuliwe juu ya nguzo, ardhi ibaki huru, upepo upite, mtu atembee chini ya jengo bila kukutana na gari. Nikisoma nadharia hii mwili unanisisimka. Mtu aliketi na karatasi tupu akawaza namna ya kumpa jua mtu asiyemjua.

Hivi siku hizi mko wangapi pale chini ya jengo? Nauliza tu.

Mwanao,
Rula


23 Februari

Marahaba, mwanangu Rula.

Barua yako nimeisoma nimesimama na nimeimaliza, kwa hiyo ukome. Goti linalalamika kwenye ngazi, kwenye cherehani linanyamaza, nami nimeamua kukaa na anayenyamaza. Baba yako hajambo. Nilimpa salamu zako, akasema "ahsante," akaendelea kumenya chungwa. Kalamu na yeye ni paka na maji. Na ndiyo, bado anapita nyuma. Kinyozi alimkata mteja sikio kidogo wiki iliyopita, na jana mteja huyohuyo akarudi. Watu wana mapenzi ya ajabu.

Hayo mambo yenu manne yamenichekesha. Mimi yote manne nayafanyia kiti kimoja. Nakaa, nafanya kazi, mteja akichelewa napumzika, na kusafiri ndiyo usiseme: kanyagio hili nimelikanyaga miaka thelathini na moja, ningekuwa barabarani ningeshaizunguka dunia na kurudi. Huyo msanifu angeniweka wapi?

Usinune. Jengo letu ni zuri, nani atakataa? Jua linaingia jikoni asubuhi na chumbani jioni, na joto likizidi upepo unapita chini yetu kama tumeulipia. Lakini nitakuambia kosa lao kwa lugha ya mkasi. Fundi akimshonea mtoto gauni huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Mtoto akikua, unafumua, unapanua. Fundi asiyeacha akiba amemshonea mtoto wa leo tu, wa kesho atajijua. Wataalamu wenu walitupima siku moja, wakakata palepale.

Umeuliza tuko wangapi. Ishirini na mbili, kuanzia mimi na kinyozi na fundi viatu mpaka mchomeleaji vyuma kule mwisho. Kila mmoja na nguzo yake, na kila nguzo na neno lake, WAZI, kama ulivyoliacha. Mbili zilizobaki tumewaachia watoto na mpira wao. Mimi bado niko kwenye ile ya kwanza, iliyopakwa chokaa na neno likachungulia hivyohivyo. Mgeni akiuliza kama anaweza kuweka meza tunamwonyesha nguzo. Imeandikwa, atabisha nini?

Lipo jambo moja. Walikuja watu watatu na tepe ndefu, wakapima chini yote, wakachora chaki nyekundu mbele ya meza zetu. Tulipouliza wakasema wametumwa na wakubwa. Wewe uko huko kwa wakubwa. Mnasikia nini?

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nafurahi goti limepata mahali pa kunyamaza. Mimi nimehama meza, sasa niko karibu na dirisha la kweli, na Bwana Mstari amenisifu mara moja, kwa kichwa, bila maneno. Wenzangu wanasema nikitunze kichwa hicho kwenye fremu.

Kuhusu wapimaji, ofisi ni kubwa na mambo ni mengi, siwezi kusema kwa hakika. Huenda ni kumbukumbu tu.

Ile habari ya akiba nimeifikiria. Lakini, Shangazi, kila mtu akipanua mshono wake nguo inakuwa gunia. Mchomeleaji akiwasha moto, nani wa ghorofa ya kwanza anafungua dirisha? Nakumbuka tulivyokuwa tunaziba upenyo wa mlango kwa shuka zilizolowa. Tuseme mtu angekupa chumba chenye taa nzuri, mlango wa kufuli, rafu za vitambaa, si chini ya jengo bali mahali palipotengwa kwa kazi. Ungekataa? Sisemi kitu. Nauliza kama anayeuliza.

Msalimu Baba.

Rula


2 Mei

Rula,

Hatujambo.

Ramani imebandikwa ukutani ofisi ya mji. Tulikwenda kuiona, mimi, kinyozi na fundi viatu. Inasema chini ya jengo patakuwa patupu, na sisi tutahamia jengo la kazi ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mwenye magoti mawili. Wateja wangu ni wanawake wanaoshuka na gauni mkononi huku sufuria iko motoni. Hakuna atakayenifuata ng'ambo. Tumepewa mpaka mwisho wa Agosti.

Mpaka wa eneo umechorwa hivi: mstari mrefu, nukta mbili, mstari mrefu. Kinyozi akaniuliza alama ile maana yake nini. Nikasema sijui. Nimesema uongo mbele za watu kwa ajili yako. Hiyo ni alama yangu ya mahali pa kukunja kitambaa. Nilikufundisha kwa chaki ukiwa na miaka saba, na sijamfundisha mtu mwingine.

Baba yako sijamwambia.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za dirisha.

Ni mimi. Jalada lilikuwa la mtaa wetu tangu siku ya kwanza. Nilipouliza mko wangapi nilikuwa na fomu ya kujaza mbele yangu. Nilipoandika habari ya chumba chenye rafu nilikuwa nimeshakuchorea, mlango wa tatu kushoto, dirisha mashariki, kwa sababu macho yako yanapenda mwanga wa asubuhi. Nilitaka siku moja uje kukifungua mwenyewe, ndipo nikuambie ni kazi yangu. Nilijidanganya kwamba hiyo ni zawadi. Zawadi haifichwi kwa sababu unaogopa uso wa anayepewa.

Ile alama sikuiweka makusudi. Mkono uliichora wenyewe.

Naona aibu, Shangazi, na naandika hivyo bila kuzunguka. Neno la kwanza nililosoma maishani ni WAZI. Ulinishika kidole ukakipitisha kwenye herufi, nikauliza maana yake, ukasema, "Maana yake karibu." Na mimi ndiye niliyejaza kwenye fomu kwamba maandishi ya nguzoni ni uchafu wa kufutwa.

Nijibu, hata kwa matusi.

Rula


10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi mzima bila barua yako. Nimeizoea sauti yako ikinigombeza, ukimya sijauzoea.

Sijui kama unataka kusikia, lakini nimeomba muda kabla ramani haijafika kwenye kamati ya kuipitisha, nami kila siku nashuka masijala kupekua karatasi za ujenzi. Nilitaka kujua neno lile lilitoka wapi, maana kwenye michoro ya msanifu halipo. Jana nimepata. Ni karatasi ya maelekezo kwa mwandika maandishi, mistari mitatu tu: "Milango: namba. Ngazi: herufi. Nguzo: wazi."

Umeelewa? Walitaka nguzo ziachwe hivyohivyo, zisiandikwe kitu. Yule bwana akachukua brashi akaandika WAZI kwenye nguzo zote ishirini na nne! Nimecheka peke yangu mpaka Bwana Mstari akaja kuchungulia. Mjinga wa namna gani huyo, Shangazi? Miaka yote tumeishi chini ya kosa la mtu asiyejua kusoma alichotumwa!

Nimecheka, lakini haijanisaidia. Ni ushahidi kwamba neno ni kosa, na kosa halizuii ramani. Andika, tafadhali.

Rula


28 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote mbili. Nilikusudia kunyamaza mpaka Agosti, nione kama utakuja na nyundo mwenyewe au utamtuma mtu. Lakini umemwita mtu mjinga, na hilo siwezi kulimeza.

Mjinga huyo ni baba yako.

Kabla hujazaliwa alikuwa mwandika mabango. Mkono wake ulikuwa hauna mfano: herufi zimesimama, zimetulia, unaweza kuzipangusa vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipopewa karatasi ile. Akaisoma kama ilivyoandikwa. Nguzo: wazi. Siku tatu aliandika, anapanda ngazi, anashuka, anarudi nyuma kuangalia kama mstari umenyooka. Siku ya nne nyapara akafika. Hakumwita pembeni. Aliwakusanya vibarua wote waje watazame, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na akamfukuza palepale. Kwa miaka mingi mtaani aliitwa Bwana Wazi. Brashi akazifunga kwenye gazeti, akaenda kufanya kazi ya stoo, na tangu hapo hajaandika hata orodha ya sokoni. Nyumba zilipogawanywa kwa kura, likatuangukia jengo lilelile. Ndiyo maana anapita nyuma.

Hakutaka ujue. Alinishikisha ahadi siku ulipoanza kusoma. Leo nimeivunja, nitajibu mwenyewe.

Nyapara aliagiza nguzo zote zipakwe chokaa. Wakapaka moja, ile yangu, kisha wakaacha. Kwa nini waliacha hatujui mpaka leo. Baba yako anaamini walimwachia makusudi, iwe adhabu.

Na sasa ujue jambo jingine. Siku nilipoteremsha cherehani yangu chini sikufuata kivuli wala upepo. Nilitaka neno la kaka yangu lipate kazi. Kama wameliita kosa, basi nilitaka liwe kosa lenye watu. Akaja kinyozi, akaja fundi viatu, wote kwa sababu nilisema, "Soma nguzo." Ukilifuta hutonifukuza mimi tu, mwanangu. Utakuwa umemaliza kazi ya yule nyapara.

Sina hasira tena. Nilikuwa nayo, nimeishonea magauni sita.

Shangazi yako


17 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako niliisoma kazini, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikalia waziwazi, watu wanapita. Nimemcheka Baba yangu kwa maandishi. Nikikumbuka neno lile "mjinga" nataka kuingia masijala nijifungie.

Niliingia kweli, lakini si kujificha. Swali lako lilinikaa kichwani: kwa nini waliacha baada ya nguzo moja? Siku nane nilitafuta. Jengo likikamilika msanifu hutakiwa kutoa ramani ya makabidhiano, inayoonyesha kila kitu kilivyo, si kilivyokusudiwa. Nimeipata imekunjwa ndani ya jalada la mabomba. Shangazi, nguzo zote ziko pale, na juu ya kila nguzo mchoraji ameandika WAZI kwa herufi ndogo, zimefuata za Baba mpaka ule mkia wa Z. Pembeni kuna maneno mawili kwa penseli, na chini yake sahihi ya msanifu mwenyewe: "Neno lisifutwe."

Ndiyo sababu waliacha. Haikuwa adhabu. Mtu mmoja mwenye uwezo wa kufuta alilisoma akalipenda, na hakuna aliyekwenda kumwambia Baba. Nimeyanakili maneno hayo mawili kwa kupitisha kalamu juu ya karatasi angavu, mwandiko uleule, yamo ndani ya bahasha hii. Mpe.

Nilikuwa naipenda nadharia ile nikidhani ushindi wake ni ardhi tupu. Sasa naona ardhi ile ndiyo kitambaa cha akiba ulichoniandikia. Walituachia kumbe, Shangazi. Ila walisahau kutuambia ni cha nini, Baba akaandika.

Nimemweleza Bwana Mstari kila kitu: wewe ni nani, Baba ni nani, na kwamba nilipaswa kusema tangu Februari. Ameniondoa kwenye jalada, na ana haki. Kazi ninayo bado, ila nimerudishwa meza ya ukutani. Ramani ya makabidhiano aliishika muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuambia urudishe ramani asilia. Kumbe hatujaifikia bado." Atakuja na kamati mwezi ujao. Wataamua nini, sijui. Mimi sitakuwepo.

Rula


30 Agosti

Mwanangu Rula,

Marahaba mara saba. Goti zima, au nimelisahau, ni mamoja.

Kamati walikuja, watu watano na huyo Bwana Mstari wako, ambaye kweli amenyooka. Mvua ikawakamata katikati ya uwanja, wakakimbilia chini ya jengo, wakaketi kwenye benchi la wateja wangu kwa kubanana. Wakasomewa ile ramani ya zamani. Mmoja wao, mnene, akasema, "Wazi maana yake tupu." Fundi viatu akauliza, "Mheshimiwa, ukikuta duka limeandikwa 'wazi' mlangoni, unaingia au unarudi nyumbani?" Hata Bwana Mstari alitazama viatu vyake ili asionekane anacheka.

Tunabaki. Barua ilikuja wiki iliyopita, ina mhuri. Hatutajenga ukuta, tutaacha njia ya mita mbili katikati, na mchomeleaji atahamia ng'ambo, maana tuseme ukweli, moshi wake ulikuwa unatuingia vitandani, na hapo wataalamu wako walisema kweli. Yeye mwenyewe ameridhika. Amepewa mlango wa tatu kushoto, dirisha mashariki. Anasema mwanga mzuri.

Na kwa kuwa maneno ni sehemu ya ramani asilia, yametakiwa yaandikwe upya, na ile chokaa ya nguzo yangu ikwanguliwe.

Ile karatasi yako nilimpa baba yako siku ileile ilipofika. Aliisoma, akaigeuza nyuma kama kuna maneno zaidi, akaisoma tena, akaitia mfuko wa shati. Lakini siku kamati walipokuja alikuwa amesimama nyuma ya kinyozi. Na ilipokuja barua ya mhuri akatoa brashi zake kwenye gazeti. Zilikuwa ngumu kama mifupa. Nikasema tutafute nyingine. Bwana Mstari alikuwa amerudi kupima hiyo njia ya mita mbili, baba yako akamfuata na karatasi na kalamu, akamwambia, "Niandikie vizuri safari hii. Nguzo ziandikwe, au ziachwe?" Yule bwana hakucheka. Akaandika, akatia sahihi, akampa mkononi.

Siku tano ameandika. Kinyozi anamshikia ngazi. Nguzo mbili za kwanza alizifuta akaziandika tena, ya tatu mkono ukakumbuka. Watoto wakamzunguka wanazisoma kwa sauti kila anapomaliza moja, na yeye anajifanya hasikii. Nimelia, ndiyo, nikasingizia harufu ya rangi.

Njoo mwezi ujao, na uje na vipimo vyako. Nakushonea gauni la bluu, na nitaacha akiba. Nafunga hapa, baba yako amesimama mgongoni mwangu anataka kalamu.

Shangazi yako

Mwanangu,
siku hizi napita mbele.
Baba